Droo ya Vifungo

Cherehani ya umeme ililia, ikalia, ikalia. Nilikuwa chumba cha nyuma nikipiga pasi, na mwanzoni sikujali. Kisha nikajiuliza: ni mshono gani huo usio na mwisho? Baba mdogo hukanyaga, huachia, hugeuza kitambaa. Hapa hapakuwa na kuachia.

Nilimkuta ameangukia meza, uso juu ya suruali ya mteja, mguu umelemea pedali. Nikachomoa waya. Akakoroma mara moja, akanyamaza.

"Anapumua!" akasema mama mdogo, mkewe, aliyeingia mbio kutoka barazani alikokuwa akipinda mapazia.

"Hiyo si pumzi. Piga simu ya dharura, weka spika!"

Tukamlaza sakafuni. Nikapandanisha viganja, nikanyoosha mikono, nikaanza kusukuma kifua. Mtaani kwetu tuko kumi na wawili tuliofundishwa kazi hii na nesi mmoja, na mimi nilijihesabu wa kwanza. Nilitunga hata shairi la kupimia kasi ya misukumo. Baba mdogo alilisikia akacheka: "Kijana, vina unavyo, breki huna."

Sasa nililitamka kwa meno yaliyokaza: "Sukuma kifua chini, achia, rudi kazini. Sukuma kifua chini..."

Kipara, kinyozi wa duka la pili asiye na unywele hata mmoja, naye mmoja wa wale kumi na wawili, alisikia kelele zetu, akaingia mbio na sanduku la mashine ya kushtua moyo, linalokaa ukutani kwake. Akanyakua mkasi wa vitambaa, akapasua shati kutoka shingoni hadi kiunoni, akabandika vibandiko viwili kifuani. Mashine ikasema kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka: "Hakikisha vibandiko vimeshika."

Kipara akavibonyeza.

"Hakikisha vibandiko vimeshika."

"Ana jasho! Mfute!" nikapiga kelele. Akamfuta kwa kipande cha pazia, akabandika upya.

"Hakikisha vibandiko vimeshika."

"Mashine mbovu hii!" akafoka Kipara.

Nikatazama chini, kando ya mikono yangu. Kibandiko kilikuwa na mstari wa buluu. Cha mazoezi. Cha kubandika kwenye mwanasesere, kisichopitisha umeme hata wa kuua mbu.

Jumamosi iliyopita nesi alituambia tutumie mashine ya kujifunzia. Nikasema hiyo ni ya watoto. Nikafungua sanduku la kweli, nikachomoa vibandiko vya kweli, nikachomeka vya mazoezi, nikawashinda wote kwa kasi. Walinipigia makofi nikalewa sifa. Vile vya kweli nilisahau kuvirudisha, nikaja navyo mfukoni mpaka hapa dukani.

Kwa pigo moja la moyo wangu nilitamani Kipara awe amesema kweli.

"Si mbovu," nikasema. "Ni mimi. Nilivitoa mimi! Mama mdogo, droo ya vifungo, pakiti ya rangi ya fedha!"

Aliivuta droo yote ikatoka, vifungo vikamwagika sakafuni kama mvua ya mawe. "Hii?"

"Hiyo!"

Kipara alichana pakiti kwa meno. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi.

"Nipishe," akaniambia alipomaliza kubandika.

"Sijachoka."

"Unampapasa, husukumi! Toka!"

Nikatoka.

"Usimguse mgonjwa," ikasema mashine. Kitufe kikawaka, nikakibonyeza. Mwili wa baba mdogo ukaruka kidogo, ukatulia. Kipara akarudi kifuani, akisema shairi langu huku akirukaruka maneno. Sikumsahihisha.

Msukumo wa arobaini na kitu, mkono wa baba mdogo uliinuka, ukamsukuma Kipara. Taratibu, kama anayefukuza nzi.

Wahudumu wa gari la wagonjwa waliingia wakikanyaga vifungo. Mmoja akaweka vidole shingoni mwa baba mdogo. "Mapigo yapo. Twendeni!"

Mama mdogo alipanda nyuma ya gari, kisha akanigeukia. Futi ya kupimia nguo ya mumewe ilikuwa mkononi mwake, ameizungusha vidoleni mpaka vimepauka.

"Wenzako wanajua ulichofanya?"

"Kipara tu."

"Na siku nyingine, mume wa mwenzangu akianguka?"

Mhudumu alikuwa ameshika mlango, anataka kuufunga.

"Jumamosi, mama mdogo," nikasema. "Nitasimama mbele yao wote, nesi akiwepo, niseme nilichofanya. Kwa maneno ya kawaida. Sitatia hata kina kimoja."