Maharage ya Baada ya Maulidi

…na hata hivyo nani mwingine Lukozi nzima ana mkono kama huu, Zuberi akawaza, kiganja kimejaa maharage ya mbegu, miguu ndani ya tuta kavu, mkono ambao ukidondosha mbegu juu ya jiwe, jiwe linachipua, mwaka ule, miaka minne nyuma, yaliota mpaka nguzo za umeme zikaomba kivuli, na ni yeye aliyewatangazia watu gulioni, jamani, mimi kalenda yangu Maulidi, wiki moja baada ya Maulidi fukia mbegu, mvua itakuja yenyewe kunipa shikamoo, na Maulidi yamesomwa wiki iliyopita, kanzu bado inanukia pilau, kwa hiyo leo ndiyo leo… “Baba Latifa, unapanda au unapunga upepo?” Huyo mkewe, Mwanaheri, kaegemea jembe, na pembeni yake gunia, gunia lenyewe hilo hilo moja, mbegu yote ya nyumba, likiishia humu ardhini kwa kuliwa na wadudu, vuli ikija watapanda nini, kokoto?… “Mghosi, bwana mkubwa, toa neno basi!” Kornelio naye, jirani, Mlutheri wa watu, kasimama upande wa pili wa mpaka na debe lake, “ukiangusha na mimi naangusha, ila mbona hili vumbi lako linanipigisha chafya?”… vumbi ni vumbi, mvua ipo njiani, labda imepumzika Mombo kunywa chai, ila baridi hii, pumzi bado inatoka kama moshi wa lori, na mwaka ule je, kulikuwa na baridi? mwaka ule mzee alikuwa bado hai, alikuwa amekaa pale kwenye jiwe, sweta kalivua, ndiyo, kalivua, jasho linamtiririka, akamuuliza, baba, tunapanda lini, mzee akasema tukishamaliza Maulidi, basi, yeye akaibeba kama aya, lakini mzee aliposema vile macho yalikuwa wapi, hayakuwa msikitini, yalikuwa kule kulia, kwenye pengo la mlima, jua lilikuwa linachomozea mle mle, na leo limechomozea wapi, huku kushoto, juu ya mikaratusi, bado kabisa, halijafika hata nusu ya safari… na Latifa juzi jikoni, ana kidato cha pili tu lakini mdomo wa hakimu, “Baba, mwezi ukizunguka dunia mara kumi na mbili, dunia yenyewe bado haijamaliza kulizunguka jua, zinabaki kama siku kumi na moja, na mvua zetu zinafuata jua, hazifuati mwezi,” naye akamjibu, mimi niliacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu aliishiwa cha kunifundisha, wakacheka, uji ukanyweka… siku kumi na moja, sasa hilo nani halijui, Ramadhani si inatembea, amefunga kwenye jua la kupasua kichwa, amefunga kwenye matope ya masika, kumbe Maulidi nayo yanatembea na yeye kayashika mkia, kumi na moja mara miaka minne, arobaini na nne, mwezi na nusu! vuli kaivuta mwezi na nusu kama mbuzi wa sadaka, halafu mwaka jana, nusu ya shamba haikuota, akawaambia watu ni njiwa, njiwa wakubwa kama bata, wamekuja na mifuko, na Kornelio akamsaidia kuweka sanamu la kuwatisha, masikini, njiwa gani, hakuona hata unyoya… “Mghosi, kimya ndiyo au kimya hapana?” Kornelio mkono umeshazama kwenye debe, ana watoto sita yule, ataangusha kweli, ataangusha kwa sababu Zuberi kasema… “Baba Latifa!”… na hakuna hata punje iliyodondoka, kiganja bado kiko hewani, naye aliyekwisha kuapa gulioni kwamba radi haipigi Lukozi bila kumbishia hodi, akagundua kwamba tangu azaliwe hajawahi kusema mbele ya mtu neno nimekosea, hajui hata linaanzia kooni au kwenye meno, akalitafuta, wote wawili wanamtazama, akafungua mdomo ajaribu.