Makofi kwenye Grini ya Kumi na Nne

Mtu akiniambia kwamba gofu ngumu ndiyo tamu kutazama, najua tu hajawahi kusimama karibu na uso wa anayeicheza. Mimi nimesimama. Miaka thelathini na moja nimetunza nyasi za uwanja wa Balcraigie, hapa ufukweni Uskoti, na zilizo mikononi mwangu ni grini nne, kuanzia ya kumi na tatu hadi ya kumi na sita. Grini ndiyo ile nyasi inayonyolewa hadi iwe kama zulia, penye shimo na bendera. Nazinyoa mimi, nazimwagilia mimi, na kila alfajiri ya mashindano nachimba shimo jipya pale wakubwa walipotia doa la rangi. Kwa hiyo yaliyotokea kwenye ile ya kumi na nne siwezi kumsingizia mtu mwingine, ingawa ningependa sana.

Mji wetu una ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ni fahari. Miaka ishirini iliyopita, ubingwa ulipochezwa hapa, kijana mmoja mwenye chunusi alimaliza mashimo yote kumi na nane kwa mikwaju sitini na mbili huku akitafuna chingamu. Mchezaji hodari anatarajiwa kutumia sabini na moja. Magazeti yakaandika kwamba Balcraigie imezeeka, haina meno. Wanaume walilia kwenye baa ya klabu, nakwambia, wazee wazima waliozika wake zao bila chozi. Basi ubingwa ulipotangazwa kurudi kwetu, wanachama wakapiga kura kwamba safari hii hatacheka mtu. Majani ya pembeni yafike magotini, njia zibanwe, grini zikazwe. Siku ile na mkono wangu ulikuwa juu. Pale baa wakatundika ubao, na kila mchezaji aliyetumia mikwaju saba au zaidi kwenye shimo moja akachorewa fuvu kwa chaki mbele ya jina lake. Alhamisi, siku ya kwanza, yalichorwa mafuvu arobaini na moja, na kila fuvu lilinywewa bia.

Ijumaa alfajiri nilikuwa nimeshika bomba kwenye ile ya kumi na nne, Kapteni wa klabu, Crawford Haldane, akaja na tai yake ya klabu na viatu vimelowa umande.

"Effie, hii usiimwagilie."

"Karatasi ya waamuzi inasema dakika nane, Kapteni. Grini zote sawa."

"Karatasi inasema mengi. Jana walipita hapa kama watu wanaokwenda sokoni. Leo nataka wapajue."

"Na upepo ukigeuka mchana?"

"Si ndiyo utamu wenyewe huo! Watu wamelipa kiingilio, Effie. Unataka waone nini, wanaume wakitembea?"

Tam Brodie, mkuu wetu sisi watunza uwanja, alikuwa nyuma yake akizichunguza kucha zake. Kapteni alipoondoka, Tam akatoa kalamu akaandika kwenye fomu ya siku kwamba grini ya kumi na nne imemwagiliwa saa kumi na moja na robo.

"Tusianze kugombana asubuhi, dada," akasema. "Wiki itaisha."

Ningeweza kukataa. Sikukataa, na sababu yake inanitia kinyaa hadi leo. Mwanangu Struan alikuwa kwenye kundi la tatu la asubuhi. Nilijua angepita pale kabla ya saa nne, ukungu wa bahari ukiwa bado umeilalia nyasi, na unyevu ule ungemtosha. Watakaoumia ni wa mchana, na wa mchana hawakuwa wanangu. Nikachimba shimo kwenye doa, mbele kabisa, juu ya mteremko. Nikafunga bomba, nikaenda kunywa chai.

Struan ana miaka thelathini na tatu. Kazi yake ni kuwafundisha mawakili na madaktari wa meno namna ya kushika fimbo ya gofu. Miaka kumi na minne mfululizo alikwenda kwenye majaribio ya kuingia ubingwa, miaka kumi na mitatu akarudi na begi lake kimya. Mwaka huu akapenya, mtoto wa kwanza wa Balcraigie kuucheza ubingwa kwa miaka sitini. Baada ya siku mbili wachezaji huchujwa, nusu wanakwenda zao, nusu wanabaki kucheza Jumamosi na Jumapili. Hakutaka kombe, hana wazimu. Alichotaka ni jina lake kubaki baada ya mchujo. Alhamisi alitumia mikwaju sabini na sita, nikajua maji yamezidi unga. Ijumaa saa sita hasa akaingia mbio kwenye banda letu la mashine, akanibeba juujuu na mabuti yangu.

"Sitini na nane, mama! Sitini na nane!"

"Niweke chini, utanitegua mgongo!"

"Nimebaki nje ya mstari wa mchujo kwa watu tisa tu. Tisa wakiharibu mchana huu, niko ndani."

"Usiwaombee wenzako mabaya."

"Mimi nimeshamaliza kucheza. Sasa niombe nini, mvua?"

Tukacheka, tukala pai za nyama tumekaa juu ya mashine ya kunyolea. Tulipokuwa tunapangusa midomo, mlango wa banda ukajipiga wenyewe. Upepo ulikuwa umegeuka. Ulitoka nchi kavu, na ulikuwa wa moto.

Kufika saa nane grini yangu ilikuwa imegeuka rangi, kijani imekwisha, imebaki kama gunia. Nilikwenda nikasimama kwenye kamba. Mpira wa kwanza niliouona ulitua vizuri karibu na shimo, ukatulia kidogo, halafu ukaanza kuteremka wenyewe, taratibu, hadi kwenye viatu vya mwenyewe. Watu wakacheka, nami nikacheka. Sitalikana cheko langu. Mara ya kwanza inachekesha kweli.

Habari zikasambaa. Watu wakawaacha waliokuwa wanaongoza mashindano, wakaja kwetu. Jukwaa la watu elfu mbili likajaa, waliokosa viti wakakaa chini na aiskrimu zao, na kamera za televisheni zikageuzwa.

"Unarudi huo! Mfungulieni mlango!"

"Mbwa wangu anarudi hivyohivyo nikimpigia mluzi!"

"Mwite jina, mjomba, labda anakusikia!"

Kisha akaja Naruse, Mjapani wa miaka hamsini na mitatu ambaye ubingwa ule uliopita alinishika mkono akanishukuru kwa nyasi. Mimi, mtu wa bomba na koleo. Mfuko wake wa fimbo ulibebwa na binti yake. Mkwaju wake wa pili ulipanda ukapita shimo kwa shubiri moja, ukarudi. Akaupiga tena, ukarudi. Jukwaa likaanza kuhesabu kwa sauti moja, nne, tano, kama watoto wanaomhesabia mwenzao anayeruka kamba. Naruse akajifuta viganja kwenye suruali. Mkwaju wa sita ulifika ukingoni kabisa mwa shimo ukasimama. Upepo ukavuma kidogo, mpira ukageuka, ukashuka.

Kelele zilizopigwa pale sijawahi kuzisikia hata timu yetu ya taifa inapofunga. Watu walikumbatiana. Bibi mmoja aliyejifunika blanketi pembeni yangu alikuwa anajifuta machozi ya kicheko, "Jamani mbavu zangu, jamani." Naruse akachuchumaa, akajifunika uso kwa glavu. Binti yake akaweka mfuko chini, akasimama mbele yake akizipa kamera mgongo, ili baba yake asionekane. Alisimama tu pale, akatanua kidogo kizibao chake cha wabeba mifuko.

Nikainua macho nisiwatazame, na kwenye safu ya tatu nikamwona Struan. Alikuwa amesimama, mikono juu ya kichwa, anapiga makofi. Alimgeukia rafiki yake akamwonyesha vidole vinne, bado wanne. Kisha akarudisha uso uwanjani, akafungua mdomo pamoja na wengine wote, "Saba!"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nimeisikia methali hiyo tangu utoto, sikujua kwamba siku moja nitamwona mwanangu ndiye anayeurusha, na mkuki nimeunoa mimi.

Mchezo ukasimamishwa. Mwamuzi mkuu, mama mmoja mrefu aitwaye Thirlwell, akaja na gari dogo, Kapteni anamfuata kwa miguu akihema. Mwamuzi akapiga goti, akabonyeza nyasi kwa kidole gumba. Nyasi ikakatika.

"Nani anaitunza hii?"

"Mimi."

"Fomu inasema imemwagiliwa. Kama ilimwagiliwa, basi upepo ndio umeiua. Hiyo ni hali ya hewa, tutainyunyizia maji sasa hivi na mchezo utaendelea. Kama haikumwagiliwa, hawa wa mchana wamechezeshwa kwa makusudi uwanja usio sawa na wa wenzao, na raundi yote ya leo naifuta, ya asubuhi na ya mchana. Sitaki hadithi. Iliwekwa maji, haikuwekwa?"

Kapteni akanisogelea, akasema polepole, kwa upole kabisa, kama rafiki, "Mkumbuke mwanao, Effie. Sitini na nane haiokotwi barabarani."

Nilimkumbuka. Sikuwa na kingine kichwani. Kama angeninyamazia, huenda ningesema uongo na kulala nao. Lakini kuyasikia mawazo yangu yakitoka kwenye kinywa kile, na tai ile, kulinichefua.

"Haikuwekwa," nikasema. "Kapteni alikataza, bomba nikafunga mimi mwenyewe. Fomu ni ya uongo."

Ilipotangazwa kwamba raundi imefutwa na itarudiwa Jumamosi, jukwaa lote lilizomea. Hawakumzomea Kapteni. Walizomea kwa sababu burudani ilikuwa imekatizwa, na bibi wa blanketi alizomea kwa nguvu kuliko wote.

Struan alinikuta bandani. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Ni kweli ni wewe?"

"Nilikuona ukipiga makofi."

"Kila mtu alipiga makofi, mama!"

"Yule mzee alikuwa analia, Struan."

"Na mimi je? Miaka kumi na minne. Ile ndiyo siku yangu nzuri kuliko zote tangu nizaliwe, na umeifuta kwa neno moja."

"Haikuwa haki kwa..."

"Usiniambie haki. Ulipofunga bomba ulijua napita saa ngapi. Niangalie uniambie hukujua."

Sikuweza kumwangalia.

"Ungekataa alfajiri," akasema. "Ungekataa alfajiri, wote tungecheza sawa, na sitini na nane yangu ingekuwa yangu. Wewe ulingoja nikushangilie kwanza, ndipo ukaona huruma. Kwa wageni."

Akachukua fimbo zake akatoka. Wanasema mtoto akikunyea mkono huukati. Sijasikia methali inayosema mtoto afanye nini mama akimnyea yeye.

Jumamosi niliamka saa tisa alfajiri nikaimwagilia grini ile dakika nane kwa saa mkononi. Kapteni alikuwa amejiuzulu kwa sababu za afya, afya njema kabisa. Tam hakunisalimu. Shimo lilikuwa pahali pagumu lakini pa haki, mtu akipiga vizuri anapata, akipiga vibaya anakosa. Na jukwaa likawa tupu. Nasema tupu, viti elfu mbili na watu sita na mbwa. Umati wote ulikuwa umehamia shimo la kumi na moja, ambako inasemekana shimo la mchanga lilikuwa limewameza watu watatu tangu asubuhi, na mmoja amevunja fimbo gotini.

Nikapanda nikakaa safu ya tatu. Mwamuzi alikuwa ameninong'oneza kwamba Naruse amejitoa, amesafiri na binti yake kwa treni ya kwanza.

Struan alifika karibu na saa saba. Nisikuchoshe kwa kungoja, siku ile alikosa mchujo kwa mkwaju mmoja, alioupoteza shimo la mwisho, mpira ulipogusa ukingo wa shimo ukakataa kuingia. Lakini kwenye ile ya kumi na nne bado alikuwa na nafasi, na aliijua. Alisimama muda mrefu na mpira wake, akanyanyua nyasi mbili tatu akaziachia upepo. Kisha akapiga. Mpira ulipanda juu sana, ukashuka nyuma ya bendera, nyasi ikaushika, ukarudi nyuma taratibu ukatulia urefu wa mkono kutoka shimoni. Wiki nzima hakuna aliyepiga mkwaju mzuri kama ule kwenye grini yangu, na wapiga picha wote walikuwa shimo la kumi na moja. Wale watu wengine watano walikuwa wanagawana mkate.

Nikasimama, nikapiga makofi peke yangu. Sauti yake kwenye viti vitupu ilikuwa ya aibu, lakini sikuacha. Niliendelea hadi alipofika shimoni, akausukuma mpira ukaingia, akainama kuutoa.

Alisikia. Aliinua mkono akagusa ukingo wa kofia, bila kuinua macho, vilevile wachezaji wanavyomgusia mtazamaji yeyote aliyelipa kiingilio, akaelekea shimo la kumi na tano.