Moto Usioombwa

Odilia alikuwa ameinama kwenye lundo lililomwagwa na lori nyuma ya nyumba yake, karibu na soko la Mikumi, akitenga maganda ya ndizi upande huu na chupa za plastiki upande ule, kama alivyofanya kila asubuhi tangu mtambo wa gesi ujengwe. Nyanya zilizooza, majani ya kabichi na makombo ya mama ntilie vilikwenda kwenye pipa, vikachanganywa na maji, vikamiminwa kwenye shimo la zege ambalo yeye na majirani walilichimba kwa majembe yao wenyewe. Huko chini taka zilichacha zenyewe, na gesi ikapita kwenye bomba mpaka jikoni kwake. Hakuna uchawi hapo. Tumbo la ng'ombe linafanya kazi hiyohiyo na hakuna anayelishangilia.

Kilichomhusu Odilia kuliko yote kilikuwa kifua cha mumewe. Moshi wa kuni ulimwingia Nikolaus tangu wakiwa kwao Malolo, akakohoa mpaka akawa analala ameketi. Gesi ilipofika, alianza kulala chali kama binadamu wengine. Kurudi kwenye kuni kulikuwa ni kumzika, na Odilia hakuwa na haraka ya kuwa mjane.

Ndipo kampuni ya taka ikaja. Ilikuwa na mkataba wa halmashauri, na mkataba ulisema taka zote za mji ni zake, pamoja na chochote kitokacho humo. Meneja wake, Ditram, kijana wa shati lililopigwa pasi, alikuja na mafundi, wakakata bomba la jikoni kwa Odilia, wakafunga jingine refu lililokwenda kwenye hoteli ya watalii ng'ambo ya barabara kuu. Hodi hakubisha. Alikatiza uani akisema "Mambo, mama," kwa mwanamke wa umri wa kumzaa mama yake. Kabla ya kuondoka alieleza kwamba kutenga taka kutaendelea kama kawaida, kwa kuwa ni kazi ya kujitolea.

Sasa, kwao Odilia moto hauchukuliwi, moto huombwa. Ukizimikiwa, unakwenda kwa jirani na kigae cha kubebea makaa, unabisha hodi, unaamkia, unasema naomba moto. Hapo hakuna wa kukunyima, hata kama jana mlitukanana. Lakini anayejichotea bila kuomba, moto wake haukai. Kule kwao milimani hata mtoto anayetambaa analijua hilo. Ditram alikuwa amesomea mambo mengine.

Jioni ya kwanza mpishi wa hoteli alikuwa anachemsha supu. Moto ukashuka jikoni, ukatokea mlango wa nyuma, ukashika njia. Ulikuwa wa bluu, kimo cha kuku, na ulipita majanini bila kuunguza kitu. Kwenye barabara kuu ulisubiri lori la Tunduma lipite, kisha ukavuka. Mwinshehe, fundi baiskeli aliyepakana na Odilia, aliuona unakuja, akasogeza matairi yake pembeni ili upite vizuri. Uliingia kwa Odilia ukapanda juu ya jiko lisilo na bomba.

"Umechelewa," Odilia akauambia, akateleka maharage.

Ikawa hivyo kila jioni. Majirani waliochimba shimo walikuja na vigae vyao, wakabisha hodi, wakaomba, wakapewa. Kampuni ilibadilisha koki, ikaleta bomba nene zaidi, mwishowe ikaajiri mlinzi kutoka Kidodi. Mlinzi alisema yeye aliletwa kuzuia wezi, na moto haukuwa umebeba mali ya mtu. Mwinshehe alisema kampuni isilaumiwe, inaupa moto mazoezi ya miguu. Wageni wa hoteli walikula kachumbari.

Odilia alikuwa na hasira, tusidanganyane. Shimo sasa lilikuwa na uzio na kufuli la kampuni, na bado yeye ndiye aliyelilisha, kupitia pipa lililobaki nje. Majirani walimshauri aache, lishinde na njaa, wenye mkataba waje wainame wenyewe. Alikataa. Alisema shimo ni lake, na mtu haachi kumlisha mwanawe kwa sababu mgeni amemfungia chumbani.

Siku moja Ditram aliamua kuufuata moto kwa miguu. Uliingia ndani, yeye akabaki amesimama mlangoni na vumbi mpaka magotini. Nikolaus alikuwa anakunywa chai, anapumua taratibu. Odilia alitamani kumfukuza, lakini mila haikumruhusu.

"Mwanangu," alisema, "bisha hodi, niamkie, useme naomba moto. Nitakupa, na hapa kwangu nao utabaki. Moto haupungui kwa kugawana."

Ditram aliinua mkono kama wa kubisha hodi. Yawezekana naye alikuwa na bibi aliyewahi kumtuma na kigae kwa jirani. Akaushusha.

"Nikiomba," alisema, "nitakuwa nimekubali kwamba ni wako."

"Ni wangu."

"Mkataba unasema ni wa kampuni."

"Basi uambie mkataba ukupikie."

Ditram aliaga kwa heshima, akarudi hotelini gizani. Nikolaus akaomba aongezewe sukari.

Asubuhi lori lilikuja kama kawaida, likamwaga uchafu wa mji mzima nyuma ya nyumba yao. Safari hii juu kabisa palikuwa na magunia ya viazi vya hotelini, vibichi, vimeoza kwa kukosa wa kuvipika. Odilia akajifunga kanga kiunoni, akayafungua magunia, akaanza kuvitia kwenye pipa.