Mashahidi Wasiofanana

Kwa miaka tisa Nyasuguta alikuwa ameongoza somo la Sabato katika kanisa la mabati pale Sindo, na hakuna swali lililowahi kumfunga mdomo kama lile la Mogire, mtoto wa kaka yake. Mogire alikuwa mwalimu wa historia huko Migori, na likizo ya Agosti alikuja kukaa kwa shangazi yake kando ya ziwa.

"Shangazi," alisema, kanisa zima likisikia, "Injili moja inasema kaburini kulikuwa na malaika mmoja. Nyingine inasema wawili. Wanafunzi wangu wakiniandikia hivyo, najua mmoja amekosea. Sasa sisi tuamini ipi?"

Nyasuguta alifunua kurasa, akarudi nyuma, akaenda mbele tena. Mwishowe akasema, "Sijui, mwanangu. Nitatafuta."

Akarudi nyumbani na uzito moyoni. Alipofiwa na mumewe, maneno ya kitabu kile ndiyo yaliyomsimamisha. Alipohama Kisii kuja kuuza vitunguu mahali ambapo hakujua lugha ya watu, alishika maneno hayo hayo. Kama yamepinda hapa, nani ajuaye yamepinda wapi tena?

Jumatatu akapanda boti ya kwenda kisiwa cha Mfangano na magunia yake mawili ya vitunguu. Aliyeiendesha alikuwa Boaz, kijana mtulivu aliyejulikana kwa uangalifu. Boti ilikuwa imeshajaa wakati mwenye boti, Joash, alipokuja ufuoni na kuagiza mifuko ya saruji ipakiwe juu ya mizigo ya abiria.

"Mzee, itazama," Boaz alisema.

"Pakia. Ama nitafute mwingine wa kuiendesha?"

Boaz akapakia. Karibu na kisiwa mawimbi yakaanza kuingia ubavuni, boti ikalala upande, ikapinduka. Wavuvi waliokuwa karibu waliwatoa watu wote majini. Vitunguu vikaelea kama mipira, na Rispa, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akavunjika mkono.

Siku mbili baadaye habari ikaenea: Joash ameiambia kamati ya ufuo kwamba Boaz alikuwa amelewa, na kwamba saruji aliipakia kwa tamaa yake mwenyewe. Kamati ingeketi Alhamisi. Boaz angeweza kupigwa marufuku kuendesha boti ufuo ule maisha yake yote.

Jumatano jioni Benard, fundi wa injini aliyekuwa ndani ya boti ile, akaja kwa Nyasuguta pamoja na Rispa, mkono wake ukiwa umefungwa kwa leso. Wote watatu walikuwa tayari kumtetea Boaz.

"Lakini tupange maneno," Benard alisema. "Mifuko tuseme kumi na miwili. Joash alikuwa na mpwa wake. Tukipishana hata kidogo, atatucheka."

"Mimi sikuhesabu mifuko," Nyasuguta alisema. "Na huyo mpwa sikumwona."

"Alikuwepo, Mama! Mimi nilimwona kwa macho yangu."

"Basi wewe sema ulimwona."

"Si uongo kusema kitu ambacho kilikuwepo."

"Kwangu mimi ni uongo kusema nilikiona. Nimeamriwa nisimshuhudie jirani yangu uongo, Benard. Joash pia ni jirani."

Benard akashusha pumzi. Mogire, aliyekuwa akinywa chai pembeni, alimtazama shangazi yake, kisha akatazama kikombe chake.

Alhamisi asubuhi kamati ikaketi kwenye banda la kupimia samaki. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo aitwaye Caren, asiyependa maneno mengi. Rispa akasema Joash alikuwa na simu sikioni alipoagiza saruji. Benard akasema alikuwa na mpwa wake, na mifuko ilikuwa kumi na miwili. Nyasuguta akasema alimwona Joash peke yake, simu hakuiona, na mifuko hakuihesabu, ila alimsikia Boaz akikataa na Joash akisema pakia.

Joash akacheka kwa sauti. "Mwenyekiti, unasikia? Huyu asema nilikuwa peke yangu, huyu asema tulikuwa wawili, huyu asema nina simu. Ni mashahidi gani hawa?"

Caren akamgeukia Nyasuguta. "Mama, huyo mpwa alikuwepo au hakuwepo?"

"Sijui, mwenyekiti. Nilikuwa namwangalia aliyekuwa akisema. Kama kulikuwa na mwingine nyuma yake, macho yangu hayakumfikia."

"Aliyesema pakia ni nani?"

"Joash."

Akamwuliza Rispa, akamwuliza Benard. Joash. Joash. Kuhusu ulevi, wote watatu wakasema hawakusikia harufu ya pombe kwa Boaz.

"Nimesikiliza kesi za ufuo huu miaka kumi na moja," Caren akasema. "Wakija na hadithi moja, neno kwa neno, huwa nauliza walikutana wapi kuipanga. Hawa kila mmoja amesimama pake, na wote wameona jambo moja."

Benard akainamisha kichwa. Kamati ikaamua Boaz aendelee na kazi, Joash ampeleke Rispa hospitalini Homa Bay kwa gharama yake, na boti yake isibebe abiria mpaka iwe na jaketi za kuokolea za kutosha.

Njiani kurudi, walipokwisha kupita maduka, Mogire akamgeukia shangazi yake.

"Shangazi, wale malaika," akasema. "Aliyetaja mmoja hakusema hakukuwa na mwingine."

"Hata mimi niliwaza hivyo nikiwa nimesimama pale mbele," Nyasuguta alisema. "Na wote wanasema kaburi lilikuwa tupu."

"Lakini kuna maswali mengine, shangazi. Mengi."

"Yapo. Lete, tutayasoma. Mengine tutakaa nayo."

Wiki iliyofuata wakasikia kwamba Joash amelazwa kitandani na malaria, peke yake, mkewe akiwa safarini. Tangu siku ya kamati alikuwa hamsalimu Nyasuguta, na watu wa ufuo walikuwa wakimpita Joash bila kusimama. Nyasuguta akapika uji wa wimbi, akaujaza kwenye chupa ya chai, akachukua kanga yake.

"Unampelekea Joash?" Mogire alishangaa. "Hata lile neno la kumlisha adui mwenye njaa unalichukua kama lilivyo?"

"Nimeamini lile la kaburini. Hili la uji litanishinda?"

Mogire akavaa viatu, akamfuata. Joash alifungua mlango akiwa amejifunga blanketi, macho mekundu kwa homa. Alimtazama Nyasuguta, kisha akaitazama chupa.

"Umekuja kunicheka?" akauliza.

"Nimekuja na uji. Kikombe kiko wapi?"

Joash akasogea pembeni, akawapisha waingie.