Mstari Mwekundu wa Desmond

Kwenye mashamba ya kondoo ya milimani kule Otago, mtu hakagui mstari wa mwenzake. Murdo Haggart alikuwa ameishi na jambo hilo miaka thelathini na moja, kama alivyoishi na baridi.

Mstari wenyewe ni kitu kidogo tu. Bunduki za wawindaji wao, wanaoua kulungu wanaomaliza malisho, zina breki mdomoni, kile chuma chenye matundu ubavuni kinachopunguza teke. Inazungushwa kwenye nyuzi za mtutu kama kifuniko cha chupa, halafu inakazwa kwa spana ya kipimo, ile inayolia ta ikifika kiasi chake. Ikishalia, na siyo kabla, mkazaji anachora mstari wa rangi ya kucha, nusu juu ya mtutu, nusu juu ya breki. Breki ikilegea mstari unakatika, unauona kwa macho. Na aliyechora ndiye aliyesema, hii nimeikaza mimi. Wewe ukichukua spana kwenda kuijaribu, basi umemwita mwongo.

Rangi ya Murdo na rafiki yake Desmond Pryde ilikuwa chupa moja, nyekundu, ya marehemu Elspeth, mke wa Murdo. Aliipaka siku moja tu, kwenye harusi ya mpwa wake, akasema inamfanya aonekane kama mtu asiyefua nguo zake. Mama yule alikuwa na maneno. Haya, tuyaache.

Mwaka huo shamba likapata meneja mpya, Bi Fenella Rusk, mwanamke mrefu, hana makuu. Akawaita Murdo na Desmond, akawaambia kulungu wamepungua, wawindaji wawili ni wengi. Atabaki mmoja, na kibanda cha kuishi ni chake. Jumamosi asubuhi kila mtu apige risasi tano, mita mia tatu, ambaye matundu yake yamekaribiana zaidi ndiye anabaki.

Desmond yeye alikuwa anapanga chumba kule mjini. Kibanda alikuwa anakaa Murdo, tangu Elspeth yu hai. Mtufaha alioupanda upo mpaka leo nyuma ya choo, unazaa matufaha machachu hata nguruwe hawayataki, na Murdo anayala yote.

Sasa Jumatano, breki ikiwa imefunguliwa kusafishwa, Murdo akaanguka akiruka ua, akateguka kifundo cha mkono wa kushoto. Kupiga angeweza, bunduki inasimama yenyewe kwenye vijiguu vyake viwili vya chuma. Kukaza ndiyo hawezi. Akaenda na bunduki kwenye banda la mashine, akamkuta Desmond.

"Toa bolti kwanza, mzee," Desmond akasema, maana bila komeo hilo la chuma bunduki haipigi. "Nisije nikakuua kabla ya Jumamosi."

"Ukiniua utapata kibanda bila kutoka jasho."

"Na matufaha yale? Bora nife mimi."

Wakacheka. Desmond akabana mtutu kwenye jiliwa, katikati ya vipande viwili vya ngozi. Mtutu wenyewe, siyo kiwiliwili cha bunduki, maana ukibana pale umeharibu. Akafuta nyuzi kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Akajaribu washa moja nyembamba, ile pete ya chuma inayokaa nyuma ya breki, akaitoa, akaweka nyingine, mpaka matundu yakakaa sawa kushoto na kulia. Kazi safi. Halafu akasema, "Weka birika, ndugu yangu. Mkono wako hapa hauna kazi, kazi yake ni chai."

Murdo akaenda pembeni kwenye jiko. Birika likapiga mluzi. Aliporudi na vikombe, mstari ulikuwa umechorwa, bado mbichi.

"Imeingia vizuri?"

"Si unaona mstari?"

Basi, yakaisha hapo. Wakanywa chai.

Jumamosi Murdo alianza. Risasi mbili za kwanza zikagusana. Ya tatu ikaenda kushoto, shubiri nzima. Ya nne chuma cha breki kililia kama kengele, na karatasi haikuguswa kabisa. Murdo akasimama kupiga. Akafungua bolti, akatoa risasi, akatazama mdomo wa bunduki. Nusu ya mstari ilikuwa juu, nusu inatazama majani. Akaigusa breki kwa vidole viwili vya ule mkono mbovu, ikazunguka.

"Kuna nini?" Bi Fenella akauliza.

"Breki imelegea."

"Nani aliikaza?"

Murdo akamtazama Desmond. Alimpa nafasi, ya kutosha kabisa. Desmond akasema, "Mimi. Na niliikaza. Yeye mwenyewe alikuwepo."

Kweli alikuwepo. Ndipo Murdo akakumbuka kuwa ile ta hakuisikia. Alisikia birika.

"Mimi sina namna ya kujua," Bi Fenella akasema, na sauti yake haikuwa ya kufurahi. "Makubaliano ni risasi tano."

Desmond akapiga zake. Zote tano ungezifunika kwa mdomo wa kikombe. Na breki ya bunduki yake aliikaza Murdo, mwezi wa pili, na mstari aliuchora Murdo.

Mchana Murdo alikuwa bandani anakusanya vyombo vyake kwenye sanduku. Desmond akaingia, akasimama karibu na mlango.

"Murdo."

"Sema."

"Wewe una dada yako Timaru, ana chumba. Mimi nikitoka hapa naenda wapi? Na wewe ungenishinda, unajua na mimi najua. Niliizungusha kwa mkono tu, nikachora."

"Ile risasi ingeweza kuipasua breki usoni kwangu."

"Nilidhani utakosa tu."

"Ungeniomba, Desmond."

"Ungenipa?"

Murdo akafikiri kweli, maana swali lilikuwa la haki. "Sijui," akasema. "Sasa hatutajua."

Akafunga sanduku. Chupa ya rangi ilikuwa juu ya meza, akaitia mfukoni. Akapita mlangoni bila kumgusa, akaelekea kwenye gari, mkono mbovu kifuani, sanduku linamvuta bega la kulia.

Hakuwa amefika mbali aliposikia jiliwa linabanwa kule ndani. Akajua. Desmond ameweka bunduki yake mwenyewe, ameshika spana, anakagua mstari aliochorewa na Murdo.

Spana ikalia papo hapo. Ta. Breki haikusogea hata unywele.

Murdo hakugeuka. Akaweka sanduku garini, akaenda nyuma ya choo kuchuma matufaha yaliyobaki.