Namba Mbili ya Mukhisa

Kila Jumamosi saa kumi, mzee Mukhisa alikuwa anatoa redio kaseti yake nje, anaiweka juu ya stuli karibu na mlango wa nyumba yao hapo Matisi, Kitale, anapitisha waya ya stima kwa dirisha, halafu anaingiza biro kwa tundu ya kaseti na kuzungusha polepole mpaka utepe ukaze. Kaseti zilikuwa kumi na nne, ndani ya katoni ya sabuni. Mke wake Phelista ndiye alizirekodi kutoka kwa redio mwaka wa themanini na nne, na maandishi ya juu ni yake. Alikuwa na mkono mzuri wa kuandika, herufi zimelala upande kama mahindi imepigwa na upepo.

Kipindi kilikuwa kinaitwa Kumi za Juu. Siku hizo, kama unapenda wimbo, unanunua kadi dukani, unaandika jina ya wimbo, jina yako na kwenu, unatuma posta. Mtangazaji anahesabu kutoka kumi kushuka mpaka moja, na kabla ya kila wimbo anasoma waliotuma kadi. Bendi itakayomaliza mwaka namba moja, inapelekwa Nairobi kurekodi santuri.

Mukhisa alikuwa anapiga gitaa na kuimba kwa bendi ya Bungoma. Wimbo wao, "Baiskeli ya Wilkista", ulipanda mpaka namba mbili ukakwama hapo wiki kumi na moja. Namba moja ilikuwa ya bendi ya Nderitu wa hapa Kitale, wimbo mmoja wa mbolea, hata Nderitu mwenyewe alikuwa anauimba kama mtu anakohoa. Lakini kadi ndiyo kadi. Nderitu akaenda Nairobi. Mukhisa akauza gitaa, akaingia kubeba magunia kwa stoo ya mahindi, na huko akabeba miaka thelathini na moja.

Alijua aliibiwa. Kitu hakujua ni mwizi ni nani. Ndiyo maana alikuwa anasikiliza, kichwa imeinama, kama mtu anangoja kuku iingie kwa mtego.

Na alikuwa na mtindo wake. Ikifika namba mbili, anabonyeza ile ya kurusha mbele, kaseti inalia kama panya, halafu anaachilia namba moja ikianza. Phelista, akichagua maharagwe hapo kando, alishamwuliza.

"Baba Emmy, sasa wimbo wako mwenyewe unaruka nini?"

"Inaniuma roho."

"Mm," Phelista akasema, akatoa jiwe kwa maharagwe, akalitupa mbali.

Mwezi wa nne mwaka huu, mtangazaji alisoma mtu wa kwanza wa namba moja, Wakoli wa Matulo, kijiji chao cha zamani, na geti ikagongwa. Phelista alienda kufungua. Alikuwa ni Wakoli wa Matulo. Alizikwa mwaka wa themanini na moja, Mukhisa mwenyewe alishika jembe siku hiyo, na jina likisomwa alikuwa anafikiri ni Wakoli mwingine. Koti lilikuwa na udongo mabegani.

"Mulembe," Wakoli akasalimu. "Umeniita."

"Si mimi, papa. Ni redio. Karibu ukae."

Mtangazaji akasoma wa pili, naye akaingia. Akasoma wa tatu. Mpaka wimbo wa mbolea unaanza, walikuwa tisa, wote wa Matulo, wote wa chini ya udongo. Phelista alikaa jikoni na chai muda mrefu kuliko kawaida. Majirani hawakuwa na neno, ila Gladwell wa nyumba ya pili aliita kutoka kwa ua: "Mama Emmy! Ambia wageni wenu wasikanyage sukuma wiki yangu, bana!"

Wakoli alitoa kadi kwa mfuko wa koti.

"Hii ililetwa kwangu. Ati iko na jina yangu. Mimi kusoma sijui, na mwaka huo nilikuwa nimelala miaka tatu. Halafu huo wimbo siupendi."

"Hata mimi," kukhu mmoja, bibi mzee sana, akasema. Alikuwa amefunga leso ya kuzikwa. "Nilitaka kulalamika, lakini kule chini hakuna ofisi."

Mukhisa alichukua kadi akaipeleka kwa mwangaza. Herufi zilikuwa zimelala upande. Aliziangalia sana. Alitoa miwani, akaipangusa kwa shati, akarudisha, na herufi bado zilikuwa zimelala.

"Huyu ni Natwarlal," akasema.

Natwarlal ndiye alikuwa anauza santuri na kadi Bungoma, karibu na reli, na santuri za Nderitu ndizo alikuwa anapanga mbele. Jumanne Mukhisa akaenda kumwona. Duka siku hizi inauza kava za simu, na anayesimama kwa kaunta ni Hemali, mke wa mtoto wake. Mzee yuko nyuma kwa kiti, miguu imevimba.

"Natwarlal, wewe uliniibia namba moja."

"Mukhisa bana. Miaka arobaini hunisalimii, leo unakuja na vita. Kaa. Hemali, leta chai."

"Kadi za wafu wa Matulo zilitoka hapa."

"Zilitoka, ndiyo. Mimi nauza kadi, siandiki. Na wafu wa Matulo ningewajulia wapi, mimi ni mtu wa kanisa yenu?" Alimeza dawa, akafunga chupa. "Kulikuwa na mama mmoja. Kila Jumatatu. Mtoto mgongoni, kitabu nyeusi kwapani. Anafungua kitabu, anaandika kadi hapo hapo kwa kaunta. Nikafikiri ni mambo ya maombi."

"Mama gani?"

"Chai yako inapoa."

Mukhisa aliacha chai, akatoka. Kitabu nyeusi ya kanisa ya Matulo aliijua. Kila mtu akizikwa huko, anaandikwa hapo jina na tarehe, na mwaka wa themanini na nne karani wa kanisa alikuwa Phelista.

Alikaa na hiyo maneno Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Kila alichopikiwa alikuwa anakiangalia kwanza kabla ya kula. Jumamosi saa kumi alitoa redio, akaweka kadi juu ya ungo wa maharagwe.

Phelista alifuta mikono, akaisoma.

"Ni mkono yangu," akasema.

"Kwa nini?"

"Ningeandika watu walio hai, wangekuja kuniuliza. Nilijua wafu hawana shida." Aliangalia geti. "Kumbe wanachelewa tu."

"Mimi nauliza kwa nini, Mama Emmy."

"Ulikuwa unaenda Nairobi. Na wimbo iko na jina ya mtu. Si nilikuuliza Wilkista ni nani? Ukasema ni jina tu, ati inaingia vizuri kwa gitaa. Nikanyamaza. Lakini kadi nikatuma."

"Ni jina tu," Mukhisa akasema.

"Basi leo usirushe."

Phelista akabonyeza mwenyewe. Namba nne ikapita, namba tatu ikapita. Mukhisa alikuwa anaangalia ile kidude ya kurusha mbele, na mkono wa Phelista ulikuwa juu yake, na unga kwa kucha.

"Namba mbili," mtangazaji akasema, "na kadi imetoka sanduku la posta Bungoma, kwa dada yetu Wilkista, kama kila wiki."

Wote wawili waliangalia geti. Ilisikika baiskeli ikisukumwa, tik tik tik, halafu ikaegemezwa kwa ukuta. Wilkista akaingia. Alikuwa na mvi, na udongo kwa viatu bado ilikuwa mbichi. Hapo ndiyo Mukhisa akajua.

"Ulienda lini?" akauliza.

"Mwezi wa kwanza."

"Hakuna mtu aliniambia."

"Nani angekuambia?"

Phelista alikuwa ameshaingia ndani. Alirudi na kikombe ingine.

"Karibu, dada. Wewe ulikuwa unatuma kadi ngapi?"

"Moja kila wiki," Wilkista akasema. "Sikujua mtu anaruhusiwa kutuma mingi."

"Hakuna mtu aliruhusiwa," Phelista akasema. "Ongeza sukari."

Wimbo ukaanza. Sauti ya Mukhisa ilikuwa ya mtu wa miaka ishirini na tisa, haina magunia ndani. Ukaisha, mtangazaji akapiga kelele namba moja, bendi ya Nderitu wa Kitale, na akaanza kusoma watu wa Matulo. Wakoli akaingia, na wengine nyuma yake, wakijipanga kwa benchi. Phelista akasogea akabanana na Wilkista ili wote watoshe.

Mukhisa hakupata mahali pa kukaa. Alisimama kwa geti akawafungulia mmoja mmoja, na akawahesabu vile alikuwa amezoea. Wa namba moja walikuwa tisa. Wa namba mbili alikuwa mmoja.