Mkunga Aliyefunika Upesi

Wenzake wodini walimbandika jina la Mama Chapuchapu, naye akalivaa kama nishani. Mtoto akizaliwa mfu, mkunga huyu alimfunika na kumtoa kabla mama yake hajageuza shingo. Ndio utaratibu wa wodi, na eti waliuita huruma: asiyemwona hatamlilia sana.

Huruma hiyo ikamkausha. Asubuhi mwili ulikataa kuamka, na hata mtoto mzima akilia, yeye hakusikia furaha yoyote. Mumewe alivumilia hadi akachoka. "Mke wangu, katafute msaada. Naishi na kivuli." Akaenda kwa mshauri shingo upande, keshaamua kuacha kazi mwisho wa mwaka.

Mshauri, mama mtu mzima asiye na papara, hakumpa mawaidha. Wiki nenda wiki rudi alimwuliza tu, na mkunga akajibu kama anayekabidhi zamu: vitanda vichache, watu wachache, usingizi hakuna. Siku moja akaulizwa, "Na wewe, mwenzangu, umezaa wangapi?"

"Wawili." Akajisahihisha. "Watatu. Wa kwanza hakulia."

"Alifanana na nani?"

"Sijui. Wenzangu walimtoa upesi. Walinihurumia."

Hapo akaangua kilio cha msibani, kamasi na yote, mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Alipopata pumzi alisema, "Kumbe kina mama wote wale nimewanyima."

Mshauri hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Umewanyima," akasema. "Na ulidhani unawapa."

Usidhani alitoka pale amepona. Alirudi kazini na uchungu mbichi, na zamu ya kwanza tu mtoto akazaliwa kimya. Mikono ikakimbilia kitambaa kwa mazoea. Akaizuia.

"Mwanangu, ni binti. Amefariki. Ungependa kumwona?"

Mama yule kijana akamtazama kwa chuki. "Mbona unanitesa?"

Mkunga alitamani ardhi immeze. Akavuta kiti, akakaa, mtoto mapajani ndani ya blanketi. Mwenzake akamwita, kitanda kinahitajika. Hakuinuka. Aliogopa, lakini kwa mara ya kwanza baada ya miaka alijua anafanya nini pale.

Baadaye sana mikono ikanyooshwa kitandani. "Nipe."

Akapewa. Akamfunua taratibu, akalia, akamgusagusa.

"Ana masikio ya baba yake," akasema.

Mkunga akainama kuyatazama. Masikio ya mwanawe wa kwanza hatayajua kamwe.